Saa Iliyolala Mkononi mwa Bwana Dakika

Tulimwacha Shangazi kainama katikati ya sebule, sikio lake limegusa mkono wa mchumba, na watu wote wameshikilia pumzi. Tusimchoshe mgongo. Alisikiliza, akasukuma hereni pembeni isije ikamzuia, akasikiliza tena.

Kimya. Saa ile ilikuwa kimya kama kinu kisicho na mchi.

Kwa msomaji aliyedandia njiani: Shangazi ni mshona mapazia, mjane, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Amemlea binti wa kaka yake tangu mama mtu alipofariki. Binti sasa ni muuguzi hospitali ya wilaya, na leo ndiyo siku ya kumjibu anayemposa. Anayemposa ndiye huyu mwenye saa. Mtaani wanamwita Bwana Dakika, kwa sababu humtajia saa hata mtu ambaye hakumuuliza.

Kaka mtu, baba wa binti, jina lake la mtaani ni Mzee Lango. Ndiye aliyekuwa akifunga na kufungua lango la kiwanda cha nguo mpaka alipostaafu, na sifa yake ilikuwa moja tu: akishalifunga, halifungui. Siku moja alimwacha nje meneja mwenyewe, mvua inanyesha, kajifunika bahasha kichwani. Mzee huyu alishatamka mbele za watu kwamba binti yake hataolewa na mwanamume asiyejua saa.

Ndipo Bwana Dakika alipotokea na saa yake ya kutengenezwa kwa mikono.

"Hii sikununua dukani," alikuwa akisema, na kila alipokwenda alisema. "Nimeinunua kwa fundi mwenyewe. Hakuna wakala, hakuna dalali. Alinipima mkono kama mshonaji anavyopima suti." Halafu hupandisha mkono wa shati, hata siku za baridi, watu waone mkanda wa ngozi ya kahawia, uso mweupe na mshale mwembamba wa sekunde.

Mzee Lango alishaanza kumwita mwanangu. Shangazi hakumwita kitu.

Sasa turudi sebuleni.

"Baba," Shangazi alisema akinyanyuka polepole, "saa yako imelala."

Hapa, msomaji, kama Bwana Dakika angenyamaza, au hata angekohoa tu, pengine leo tungekuwa tunaandika habari za harusi. Lakini debe tupu halijui kunyamaza. Akacheka kile kicheko chake cha wakubwa, akaigongagonga saa kwa kucha.

"Itakuwa betri, Shangazi. Kesho naibadilisha."

Kikombe cha Mzee Lango kilisimama njiani, hakikufika mdomoni wala hakikurudi kwenye sahani.

Mzee ana saa yake ya zamani, kioo kimejaa mikwaruzo, ambayo huitia ufunguo kila alfajiri kabla hajapiga mswaki. Anajua anachokijua kila mtu aliyewahi kuvaa saa ya namna hiyo: haili betri. Inakula vidole vya mwenyewe. Pembeni ina kifundo kidogo. Usipokizungusha kila siku, saa inalala, na hailali kwa ugonjwa, inalala kwa njaa.

"Betri," Mzee akarudia, kama mtu anayeonja dawa.

Bwana Dakika akaona amekanyaga pabaya. Akasema alikuwa anatania. Akasema fundi aliiweka betri ndogo ya akiba, mambo ya kisasa haya. Akasema mengine ambayo Shangazi hakuyasikiliza, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mgeni, pale palipokuwa na umbo la simu. Tangu asubuhi kila alipoulizwa saa, mkono wa kushoto uliinuliwa kwa mbwembwe na wa kulia ukashuka chini ya meza. Saa ilikuwa ya kuonyesha. Ya kusomea ilikuwa simu.

Shangazi hakuona sababu ya kulificha jambo hilo, akalisema.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akalishusha chini, sakafuni, mahali ambapo birika haliwekwi.

"Kaka," Shangazi akasema, "huyu bwana anasema aliinunua kwa fundi, uso kwa uso. Na twende kwa huyo fundi akatuamshie saa. Leo Jumamosi, na mchana bado upo."

Bwana Dakika akasikitika sana. Fundi, alisema, amesafiri. Ameenda kuagiza vyuma vyake, harudi karibuni.

"Yupo," binti akasema. "Jumamosi hafungi mpaka jioni."

Wote wakageuka kumtazama. Binti akainama kuokota birika, na hakuna aliyemwuliza amejuaje, maana kila mmoja alikuwa na lake la kuwaza. Liweke hilo akilini, msomaji. Shangazi hakuliweka.

Mzee Lango magoti yake hayapendi ngazi wala vumbi. Akasema hatakwenda. Akamvuta dada yake karibu na dirisha, lakini kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwa kuwa mtu aliyezoea kupiga kelele langoni hana sauti ya kunong'ona.

"Dada, mimi macho yangu yalishampenda, siwezi kuyaamini tena. Nenda wewe. Mkirudi sitaki hadithi, hadithi zako ni ndefu. Niletee neno moja. Ndiyo, au hapana. Neno utakaloleta ndilo nitakalomjibu, na nikishajibu nimefunga."

Ndivyo hatima ya binti ilivyowekwa mdomoni mwa Shangazi, neno moja tu, kama peremende. Na Shangazi, Mungu amsamehe, alishaanza kuinyonya. Hapana. Hapana ilikuwa tamu.

Wakaondoka watatu.

Njiani Bwana Dakika alikuwa na mambo mengi. Mara kiatu kinambana. Mara kamkumbuka mgonjwa wa kumjulia hali. Walipofika kwenye barabara ya wauza vioo akasema itakuwa adabu yeye atangulie kupanda juu, amwandae fundi, maana ni mtu wa hasira.

"Tutaandaliwa wote pamoja," Shangazi akamjibu. Akapanda ngazi nyuma yake, hatua kwa hatua, karibu amkanyage kisigino.

Binti alibaki chini. Alisema anakuja. Shangazi akadhani ni aibu ya wachumba, akamwacha.

Fundi anakaa juu ya duka la vioo, chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na meza imesogezwa mpaka dirishani ili mwanga udondoke juu ya mikono yake. Usitegemee kibao nje. Hana kabati la kuonyeshea wala saa ya ziada ya kukuuzia. Ukitaka saa yake unapanda mwenyewe, unakaa kwenye kigoda, anakupa kifundo kitupu kisicho na saa, anakuambia zungusha. Anatazama unatumia mkono gani, vidole vyako vina nguvu kiasi gani, una haraka kiasi gani. Kisha anakuambia nenda, na unasubiri mpaka uote mvi. Siku ya kuichukua, wewe ndiye unayeitia ufunguo wa kwanza. Yeye haitii. Saa, kwake, ni kama mtoto: wa kwanza kumnyonyesha awe mama yake.

Ni mwanamke mnene, mikono minene, na vyombo vya kazi vidogo kama vya kuchezea mtoto. Kioo cha kukuzia alikuwa amekipandisha kwenye paji la uso.

Walimkuta akimfukuza mteja. Bwana mmoja mwenye suti alikuwa akimsihi amwandikie juu ya uso wa saa jina la kampuni kubwa ya ng'ambo, ili wenzake kazini wasijue imetoka barabara ya wauza vioo.

"Kamwambie mama yako abadilishe ubatizo wako kwanza," Fundi alikuwa akimwambia, "halafu uje tubadilishe na saa."

Bwana wa suti akashuka ngazi akiwapita kama aliyemwagiwa maji. Shangazi akampenda Fundi papo hapo.

Lakini Fundi hakuwa akimtazama Shangazi. Alikuwa akimtazama Bwana Dakika, na uso wake, ule uliokuwa na ukali sasa hivi, ukalainika.

"Karibu, kaka yangu," akasema kwa upole. "Umerudi. Pole tena na msiba."

Bwana Dakika akaanza kukohoa.

"Msiba gani?" Shangazi akauliza.

"Wa mkewe," Fundi akasema. "Hujui? Alikuja hapa majuzi peke yake, maskini ya Mungu, macho mekundu. Nilimpa chai. Nikamkatia na keki yangu."

Ngazi za chini hazikuwa na sauti ya mtu. Nje muuza vioo alikuwa akikata kioo, kile kilio chake chembamba kikapanda mpaka dirishani.

Kumbe ana mke. Kumbe alikuwa na mke, akafa, na sisi hatukuambiwa. Shangazi alihisi ile hapana ikivimba mdomoni. Mjane wa kiume si dhambi, lakini mjane wa kiume anayejifanya mwali ni jambo la kupelekea kaka mtu likiwa bado moto.

Bwana Dakika akapata sauti. Akasema ni jambo la zamani, linamuumiza, na hapa si mahali pake. Akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Shangazi akakisogeza kigoda kwa mguu, kikaziba mlango, akakikalia.

"Fundi," akasema, "huyo marehemu alikuwa mtu wa namna gani? Sisi ni karibu kuwa ndugu. Tungependa kumwombea."

Fundi akasema alikuwa binti mzuri, mkimya. Alikuja mwenyewe kuagiza saa, akakaa kwenye kigoda hicho hicho alichokalia Shangazi. Saa aliinunua kwa akiba yake, alikuwa akija kidogo kidogo kulipia. Saa ya kazi, alisema, anataka mshale wa sekunde uonekane vizuri na usikose, kwa sababu anautumia kuhesabia mapigo ya mishipa ya wagonjwa.

"Na alikuwa wa shoto," Fundi akaongeza. "Ndiyo maana kifundo nilikiweka upande wa kushoto, ili avae mkono wa kulia na kuizungusha kwa mkono wake wa kazi. Sijawahi kutengeneza nyingine ya namna hiyo. Huyu kaka ndicho kilichomleta: kifundo. Akivaa yeye kinatazama kiwiko, na watu walishaanza kumcheka. Akaomba nikihamishe. Nikamwambia mimi saa ya mtu siigusi mpaka mwenyewe aje na mikono yake. Ndipo akaniambia mwenyewe amefariki, ghafla tu, na saa ndiyo kumbukumbu pekee aliyomwachia."

Muuguzi. Wa shoto. Mkimya.

Katika ukoo mzima, na mtaa mzima, na maisha yake yote, Shangazi alimjua muuguzi mmoja tu wa shoto. Alimfundisha kushika sindano, akashindwa, mpaka alipojifunza yeye mwenyewe kushona kinyume ili mtoto amwige.

Akageuza shingo kutazama ngazi. Na pale, mkono kwenye ukuta, kama mtu aliyepanda mlima, alikuwa amesimama binti wa kaka yake.

Fundi akamwona wakati huo huo. Kibano kikamtoka mkononi, kikadondoka sakafuni kwa mlio mdogo. Kioo cha kukuzia kikateleza kutoka kwenye paji la uso mpaka juu ya jicho, jicho likawa kubwa kama la ng'ombe.

"Marehemu," akasema.

Sasa nikueleze upesi, msomaji, maana najua unataka kujua kama Shangazi alivyotaka.

Saa ni ya binti. Siku aliyomsikia baba yake akisema kwamba hataki mkwe asiyejua saa, alilia, kisha akavua saa yake mkononi akamvisha mchumba. Aivae tu, alisema, mpaka baba akubali. Na kwa kuwa alijua bwana yule hataikumbuka, kila asubuhi alimsubiri kwenye lango la hospitali, akamshika mkono, akaitia saa ufunguo yeye mwenyewe.

Hayo yote alimweleza shangazi yake akiwa amesimama, bila kulia, kama anavyotoa ripoti ya zamu.

Shangazi akakumbuka. Mtaa mzima uliwaona wale wawili langoni kila asubuhi, mkono ndani ya mkono, vichwa vimeinama. Wanawake wa bombani waliimba juu yao. Yeye mwenyewe alipita mara moja, akaona wivu mdogo wa mjane, akajisemea labda kuna kitu pale ambacho sikioni.

Kumbe binti alikuwa anazungusha kifundo. Na tangu juzi alipochukua likizo kuandaa siku ya leo, hakukuwa na wa kuzungusha.

"Nilimwonyesha mara nyingi," binti akasema. "Alikuwa anajitazama kwenye vioo vya magari."

"Na wewe kazini?"

"Natumia saa ya ukutani. Nikiwa wodi ya mwisho naomba mtu anisomee kutoka mlangoni."

Hapo ndipo dharau ya Shangazi ilipopata mguu wa pili wa kusimamia. Kumdharau mtu kwa sababu ana mdomo ni starehe tu. Lakini huyu alimwacha binti anahesabu mapigo ya wagonjwa kwa kuchungulia saa ya ukutani, ili yeye apate kitu cha kupandishia mkono wa shati.

"Shangazi, naomba nieleweke," Bwana Dakika akasema. Sasa hata kicheko cha wakubwa hakikuwepo. "Lile la msiba halikuwa na ubaya. Huyu mama ana masharti yake, saa ya mtu aliye hai haigusi. Ningefanyaje? Nilimfisha kwa maneno tu."

"Nilikufa na nini?" binti akauliza.

"Eti?"

"Uliulizwa nimekufa na nini. Fundi si mtu wa kuacha kuuliza."

Fundi akajibu kwa niaba yake, kwa hasira ya mtu aliyeibiwa rambirambi. "Tumbo. Akasema ulikula kitu. Na nilikulilia, mwanangu. Nilifunga dirisha nikakulilia, nikampa huyu mbwa keki."

Binti akajipenyeza ndani, akanyoosha mkono, kiganja juu, kama anavyowanyooshea wagonjwa wasiotaka kutoa mkono wapimwe. Bwana Dakika akautazama mkono ule. Akatazama mlango, akamwona Shangazi kwenye kigoda. Akafungua mkanda wa ngozi, polepole, akiugeuza upande wa chini ili asione mwenyewe anachofanya.

Binti akaishika saa mkono wa kulia, vidole vya kushoto vikakishika kifundo. Akazungusha. Kila mtu alisikia kile kisauti kama panya anayetafuna ukoko. Akazungusha mpaka kikakaza, akaacha hapo hapo, halazimishi. Akaiweka sikioni.

"Inakwenda," akasema. Akaivaa mkono wa kulia, kifundo kikakaa mahali pake. "Basi. Marehemu amekuja kuchukua chake."

Bwana Dakika akafungua mdomo. Na unajua alisema nini? Hakusema samahani. Wala hakumwita kwa jina la mapenzi. Alishika mkono wake mtupu, ule wenye alama nyeupe ya mkanda, akasema:

"Sasa mimi nitaonekanaje kwa baba bila saa?"

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akalazimika kuinuka kwenye kigoda, kwa sababu kicheko kile kilihitaji nafasi. Akamwambia ataonekana alivyo, na ndiyo ajali yenyewe. Akamwambia mtu aliyeazima mke angalau humrudisha akiwa hai. Akamwambia kwamba yeye ameshona mapazia ya madirisha yasiyo na nyumba nyuma yake, kwenye maonyesho, na hajaona dirisha tupu kama lile lililosimama mbele yake. Fundi naye akatia lake, na lake lilikuwa zito, nalihifadhi kwa heshima ya gazeti.

Ilikuwa raha. Naomba msimlaumu. Mwanamke aliyenyamazishwa miezi mingi na kaka anayesema mwanangu, mwanangu, akipewa nafasi ya kusema, husema.

Lakini aliinuka kwenye kigoda. Na kigoda ndicho kilichokuwa kufuli.

Walipogeuka, Bwana Dakika hakuwepo. Ngazi zilikuwa zikilia chini, mbio mbio.

"Mwache," Shangazi akasema akijifuta machozi ya kicheko. "Taka ikijizoa yenyewe, usiikimbize na ufagio."

Fundi hakuwaruhusu kuondoka hivi hivi. Alitaka aifungue saa aone kama yule bwana hakuigonga mahali. Akaitazama na kuitazama, akaifuta kwa kitambaa laini, akairudisha. Akawapa chai, na keki iliyobaki, akisema heri iliwe na marehemu mwenyewe. Shangazi akaeleza kisa cha betri. Fundi akamwomba akieleze tena.

Njiani kurudi walitembea kama watu waliotoka kliniki wakaambiwa hawana ugonjwa. Shangazi alipita dukani kuchagua uzi wa pazia la mteja wake, akachagua bila haraka, akabishana juu ya rangi. Binti alikuwa akitazama mkono wake wa kulia kila baada ya hatua chache. Mara moja alisema, "Nilimpenda, Shangazi." Shangazi akamjibu kwamba hata yeye aliwahi kupenda mtu aliyekoroma, na hilo lilikuwa kosa dogo. Binti akacheka kidogo.

Hapana, Shangazi alikuwa akiipanga mdomoni. Ataisemea mlangoni kabla hajavua viatu. Hapana, kaka.

Karibu na nyumba wakakutana na jirani wa ukuta mmoja, mikono ina unga.

"Hongereni," jirani akasema. "Tumesikia vigelegele, nikasema nisije nikakosa kitu."

Shangazi akaacha kutembea.

Sebuleni watu walikuwa wameongezeka. Wazee wawili wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, chai mikononi. Mzee Lango alikuwa amesimama, jambo ambalo magoti yake hulifanya kwa sherehe tu, na uso wake uling'aa kama mtu aliyefunga lango kwa wakati.

Kando yake, kifua mbele, bado anahema kidogo kwa mbio, alisimama Bwana Dakika.

"Nimelipata neno lako, dada," Mzee Lango akasema. "Ndiyo. Mwanangu amesema miguu yako imechoka, ukamtuma alitangulize. Fundi amethibitisha, saa imeachwa kutengenezwa. Na amekimbia njia nzima ili nisisubiri. Hiyo ndiyo tabia ninayoitaka mimi. Nimeshajibu, mbele ya wazee hawa. Nimefunga."

Neno moja. Alitaka neno moja bila hadithi, na neno moja halina uso, yeyote anaweza kulibeba.

Shangazi akafungua mdomo. Ile hapana iliyokuwa tamu mchana kutwa ilikuwa imekwama kooni kama mfupa. Maana alimjua kaka yake. Meneja alisimama mvuani na bahasha kichwani, na lango halikufunguliwa.

Ndipo akaona mkono wa Bwana Dakika. Haukuwa mtupu tena. Ilikuwepo saa yenye kioo cha mikwaruzo, mkanda wake umechakaa kwenye tundu la tatu, tundu la kaka yake. Mzee Lango alikuwa amevua ya kwake akamvisha mkwe.

Nayo ilikuwa inakwenda.

"Sasa ni saa kumi na moja kasoro," Bwana Dakika akawaambia wazee, ambao hawakumuuliza.

Binti akampita shangazi yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mchumba, akamshika mkono kama alivyokuwa akimshika kila asubuhi langoni, na wazee wakatabasamu, maana hata wao walishausikia ule wimbo wa bombani. Akaweka vidole vyake juu ya mshipa, akatazama saa iliyokuwa kwenye mkono wake mwenyewe, akahesabu kimya kimya. Mzee Lango akaiona saa ile. Tabasamu lake likasita.

"Unakwenda mbio sana huu," binti akasema, bila kuuachia mkono. "Baba, kabla hujamwita tena mwanao, mwombe akuambie mimi nilikufa lini."